Udongo wenye mafuta usigeuke kifusi cha mtu

Barabara inapopanuliwa Dar es Salaam, kijiko hakikosi kukuta kitu. Mara nyingi ni bomba la maji lisilo kwenye ramani, na hilo lina mwenyewe wa kupigiwa simu. Lakini palipokuwa na kituo cha mafuta au gereji ndani ya hifadhi ya barabara, kijiko kikishuka mita mbili huanza kutoa mchanga wa kijivu unaonuka petroli, na huo hauna mwenyewe. Hupakiwa kwenye tipa pamoja na udongo mwingine wa ziada, kisha huuzwa kwa mtu anayejaza kiwanja chake bondeni. Wiki haijaisha, umeshashindiliwa chini ya msingi wa nyumba, hatua chache kutoka kisimani.

Chanzo kikubwa cha jambo hili ni mkataba. Mikataba mingi ya barabara humlipa mkandarasi kwa mita ya ujazo iliyochimbwa na kuondolewa, na udongo wa ziada unakuwa mali yake. Hakuna mstari wa bei wa udongo mchafu. Kwa hiyo akiutangaza, anajiletea gharama na kazi yake inasimama. Akinyamaza, anauza kifusi. Mhandisi mshauri anayetaka udongo ufike unakotakiwa aanzie hapo: aweke kwenye jedwali la bei fungu la udongo mchafu, linalolipwa kwa tani, na malipo yatoke pale mpokeaji aliyeidhinishwa anapotia saini, si pale tipa inapotoka getini. Kama mkataba ni wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa mwaka 1999, kitabu chekundu, kifungu cha 4.12 kinamruhusu mkandarasi kudai kwa hali ya ardhi ambayo hakuweza kuitarajia, na kifungu cha 20.1 kinampa siku 28 za kutoa taarifa. Zikipita, dai limekufa. Lakini mahali ambapo pampu za mafuta zilikuwa zinaonekana wakati wa zabuni, itakuwa vigumu kusema hukutarajia.

Harufu ikitoka, uchimbaji usimame na watu watoke shimoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini shimoni pale vibarua walipo, na huanza kuweza kuwaka ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa. Kipima gesi kikionyesha asilimia 10 ya kiwango hicho, hakuna mtu kushuka, hakuna injini kuwashwa jirani. Kipima gesi hicho kikisoma sifuri, hakijasema hewa inafaa kupumuliwa: benzini inayoleta saratani hudhuru ikiwa sehemu chache tu katika milioni, kiasi ambacho kifaa hicho hakikioni. Pua nayo huzoea harufu ndani ya dakika chache. Na tenki likifukuliwa, lisikatwe kwa gesi pale pale hata kama limekaa kavu miaka kumi. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulilipua. Wanunuzi wa chuma chakavu watafika siku hiyo hiyo, kwa hiyo lilindwe mpaka lisafishwe.

Kazi inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: kutenganisha. Udongo mchafu ukichanganywa na safi hausafiki, unaongezeka. Tani 100 za kutibu zinakuwa 300, na hakuna maabara itakayozitenga tena. Ninataka malundo matatu: unaoonekana wazi kuwa mchafu, unaotiliwa shaka, na safi. Mawili ya kwanza yalazwe juu ya nailoni nzito ya geji 1000, tabaka mbili, maungio yapishane nusu mita, pembeni tuta la sentimita 30, juu turubai lililofungwa kwa mifuko ya mchanga. Mahali pawe pa juu, mbali na mtaro. Lundo lisilofunikwa likinyeshewa na mvua ya masika usiku mmoja, sehemu ya tatizo asubuhi iko mtaroni inaelekea baharini. Maji ya shimoni yenye utando wa rangi za upinde wa mvua nayo yasipampiwe mtaroni. Yaingie kwenye tenki, mafuta yatenganishwe kwanza.

Kupanga malundo kunahitaji kipimo cha saitini. Jaza nusu chupa ya kioo kwa udongo uliotoka kuchimbwa, funika kwa karatasi ya aluminiamu, tikisa, iache kivulini dakika 10 hadi 15, toboa karatasi kwa ncha ya kipima mvuke na usome namba ya juu kabisa ya mwanzo. Makosa hapa ni mawili. Kwanza, watu hupima udongo uliokaa juani mchana kutwa, petroli imesharuka, namba inatoka ndogo na lundo linaitwa safi. Pili, unyevu wa pwani huganda kwenye taa inayosoma mvuke ndani ya kifaa na kushusha namba, kwa hiyo kila asubuhi pima kwanza gesi ya kulinganishia. Kifaa hiki hakifai sana kwa dizeli iliyozeeka, na hakioni kabisa risasi, yaani metali yenye sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Risasi isisahaulike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo tenki lililovuja kabla ya hapo huenda liliacha risasi udongoni.

Sampuli za maabara ninachukua moja kwa kila mita za ujazo 25 za lundo, na kamwe si chini ya tatu, kutoka ndani sentimita 30 au zaidi. Za kemikali zinazoruka zijazwe hadi mdomoni mwa chupa, zisichanganywe kwenye ndoo, zikae kwenye barafu nyuzi 4. Kwa risasi, pima kiasi chote kwanza. Kipimo cha kuchuja kinachotumika sana hutikisa udongo kwa saa 18 ndani ya kimiminika chenye uzito mara 20 ya udongo, kuona risasi kiasi gani itatoka udongoni, na kikomo chake ni miligramu 5 kwa lita. Hesabu ndogo inaokoa pesa: udongo wenye risasi chini ya miligramu 100 kwa kilo hauwezi kufika kikomo hicho hata risasi yote ikitoka. Majibu ndiyo ya kupeleka kwa mamlaka ya mazingira. Kwa Tanzania, kanuni za viwango vya ubora wa udongo ni za 2007 na za taka hatarishi ni za 2021, zote chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Sasa chukua shimo la mita 12 kwa 8, kina 3. Ni mita za ujazo 288 ardhini, lakini ukichimbuliwa udongo huvimba kama robo, unakuwa 360. Kwa uzito ni karibu tani 520. Tipa ya ekseli tatu isiyotaka kukamatwa mizani hubeba kama tani 14, basi ni safari 37 au 38. Namba hizi zijulikane kabla tipa ya kwanza haijapakia.

Kama ni dizeli tupu, nashauri kuutibu kwa vijidudu vya udongoni wenyewe. Joto letu linasaidia. Tandaza unene wa sentimita 30 juu ya plastiki, utahitaji mita za mraba 1,200, robo eka na ushei. Vijidudu vinataka naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Udongo wetu ukiwa na mafuta miligramu 5,000 kwa kilo, ndani yake kuna kilo 2,600 za mafuta, kaboni kama 2,200. Hiyo ni mifuko tisa ya urea na miwili ya DAP, mbolea yenye fosforasi, ya kilo 50. Igawe kwa awamu, kwa sababu ikimwagwa yote siku moja chumvi na amonia huviua vijidudu vyenyewe. Geuza kila wiki mbili, nyunyizia maji mpaka udongo ushikane mkononi bila kuchuruzika, na panga nusu mwaka. Mafuta yakizidi miligramu 50,000 kwa kilo, njia hii hukwama. Petroli usiitandaze hivi: itaruka hewani kabla ya kuliwa, na majirani ndio watakaoivuta.

Risasi hailiwi na kijidudu chochote. Hufungwa kwa saruji au fosfeti, kisha hupelekwa kwenye shimo la taka hatarishi lenye plastiki chini, si dampo la taka za mji. Chokaa iliyomo kwenye saruji ikizidi, pH (kipimo cha asidi na alkali) ikapanda juu ya 12, risasi huanza kuyeyuka tena, basi kipimo cha kuchuja kirudiwe baada ya kuchanganya. Anayeona haya ni makubwa kwa ajili ya udongo tu, aangalie mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri.

Tanuru la saruji lenye kibali ni njia nzuri kwa mafuta mazito, mradi udongo uingizwe upande wa moto. Ukichanganywa na malighafi upande wa baridi, mafuta hugeuka mvuke na kutokea kwenye bomba la moshi kabla hayajaungua.

Kila tipa itoke na hati yenye namba yake, saa na uzito, na mpokeaji airudishe imesainiwa. Kisha linganisha muda. Kama kwenda na kurudi ni saa mbili, na tipa imerudi tupu baada ya dakika 40, zuia safari inayofuata, na mfuate dereva akuonyeshe alipomwaga.

Shimo lisifukiwe kabla sampuli za kuta na sakafu hazijarudi. Ukuta ulio upande wa barabara inayopitika mara nyingi hautachimbika zaidi. Hapo weka plastiki ya milimita 1.5 wima, ufukie, na uchore mahali hapo kwenye michoro ya mwisho ya kazi, na vipimo vyake, ili fundi bomba atakayechimba miaka ijayo avae barakoa yenye kichujio cha mvuke kabla hajashuka.