Pikapu ikimisi, usikimbilie plagi

Kwa miaka mingi tumeambiana kwamba Hilux ya zamani ikimisi, yaani silinda moja ya injini ikikosa kuwaka, dawa ni plagi mpya, kile kifaa cha kutoa cheche. Mtu ananunua nne, anafunga, gari linatulia siku mbili, kisha linaanza tena. Plagi haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inaonyesha ugonjwa.

Silinda hukosa kuwaka kwa kukosa cheche, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kwanza itafute silinda yenyewe. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira, urudishe upesi. Ukichomoa na mngurumo usibadilike, silinda ya waya huo ndiyo haifanyi kazi.

Sasa itoe plagi yake uitazame. Ikiwa nyeusi na imelowa petroli, shuku cheche: waya, au kofia yenye ufa ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Usiku, fungua boneti gizani injini ikiunguruma. Waya mbovu huonekana ukirusha vicheche vya buluu. Ikiwa nyeupe, huenda hozi ya vakyumu, mpira unaonyonya hewa kwenye injini, imepasuka na kuingiza hewa ya ziada. Ikiwa na oili, pima kompresheni kabla ya kutumia shilingi yoyote.

Kusita unapokanyaga mafuta ni jambo jingine, na hapa ndipo plagi husingiziwa zaidi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa kifuniko cha chujio la hewa, vuta waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta huku ukitazama ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Usipoona mchirizi wa petroli papo hapo, pampu ndogo ya kabureta imechoka.