Picha katika Saini ya Barua Pepe ya Kampuni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote maofisini ni kwamba nembo iliyo kwenye saini, yaani maelezo ya mtumaji yanayowekwa chini ya barua, ikishaonekana vizuri kwenye kompyuta ya mtumaji, kila mpokeaji ataiona vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba mwonekano wa barua pepe huamuliwa na programu ya anayeipokea. Outlook ya Windows ya toleo la zamani (classic), kwa kawaida, haipakui picha zilizohifadhiwa nje ya barua mpaka msomaji aruhusu, ilhali Gmail imekuwa ikizionyesha bila kuuliza tangu Desemba 2013, ikizipitisha kwanza kwenye seva zake yenyewe.

Wengine hudhani namna ya kuiweka picha haina tofauti. Ziko njia mbili zilizozoeleka: kuipachika ndani ya barua isafiri nayo, au kuihifadhi kwenye seva na kuacha ndani ya barua anwani yake tu. Picha iliyopachikwa haisubiri kupakuliwa kutoka kwingine, lakini baadhi ya programu huiorodhesha kama kiambatisho. Niliwahi kupigiwa simu na mhasibu wa mteja wetu akilalamika kwamba ankara tuliyomtumia, image001.png, inafunguka lakini haina hesabu yoyote ndani. Kumbe alikuwa akiitazama nembo yetu, na ankara yenyewe tulikuwa tumesahau kuiambatisha. Tena picha ya namna hiyo huongezeka uzito kwa takriban theluthi moja inapogeuzwa kuwa herufi ili isafiri, hivyo nembo ya kilobaiti 300 huwa kilobaiti 400, na mazungumzo yenye majibu 10, ikiwa kila jibu limeongeza nakala yake, hufikia megabaiti 4 za nembo tupu, ambazo anayesoma kwa simu huzilipia kwa bando lake.

Picha ya kwenye seva haina mzigo huo, ila ni lazima anwani yake ifunguke kwa mtu yeyote bila nywila. Ikiwa imeelekezwa kwenye folda ya ndani ya ofisi, mteja ataona kisanduku kitupu chenye alama nyekundu, huku wafanyakazi wote, kwa kuwa wako kwenye mtandao uleule, wakiapa kwamba nembo ipo. Tovuti ikisukwa upya na faili likafutwa, hata barua za zamani zinaweza kupoteza nembo.

Dhana ambayo mimi naiona mbaya zaidi ni ile ya kutengeneza saini nzima, jina, cheo na namba za simu, kuwa picha moja ya kupendeza. Namba iliyo ndani ya picha haibofyeki wala hainakiliki kwa urahisi, programu zinazowasomea wasioona huambulia maelezo mbadala tu (maandishi mafupi yanayoieleza picha), kama yapo, na picha ikizuiwa, barua hubaki haina mwenyewe. Mawasiliano yaandikwe kwa maandishi ya kawaida, picha iwe nembo peke yake.

Kuhusu ukubwa, kuivuta picha pembeni hadi iwe ndogo hupunguza nafasi inayochukua kwenye kioo, si lazima uzito wa faili. Nembo itakayoonekana kwa upana wa pikseli 150 inafaa kutayarishwa kwa pikseli 300, ili isififie kwenye simu za kisasa, na upana wa 150 utajwe ndani ya msimbo wa HTML, lugha inayopanga mwonekano wa barua. Picha ya aina ya SVG haionekani kwenye Gmail, kwa hiyo aina ya PNG ndiyo salama, ingawa nembo nyeusi isiyo na mandharinyuma humezwa msomaji anapotumia mwonekano wa giza.

Mwisho, wapo wanaoichukulia nembo kuwa uthibitisho kwamba barua imetoka kwenye kampuni. Tapeli huinakili kwa sekunde chache. Kinachosaidia kuthibitisha kikoa cha mtumaji, yaani sehemu ya anwani yake iliyo baada ya alama ya @, ni mipangilio ya kiufundi iitwayo SPF, DKIM na DMARC, inayokaguliwa na seva za barua pepe, ambayo msomaji wa kawaida haioni kabisa. Hivyo mhasibu anayepokea ankara yenye akaunti mpya ya benki aitazame sehemu hiyo ya anwani, kisha apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa chini ya nembo.