Mwili hauzoei antibiotiki, wanaobadilika ni bakteria

Mgonjwa akimeza antibiotiki asipate nafuu, huambiwa mwili wake umeizoea dawa. Kauli hiyo imeenea mno, na inapotosha, kwa sababu humfanya mtu adhani tatizo ni la mwili wake peke yake. Kinachobadilika ni bakteria.

Bakteria huongezeka kwa kujigawa. Katika mazingira mazuri, E. coli, bakteria aishiye utumboni, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mara hunakili DNA yake yote, yaani maelekezo yake ya urithi. Makosa madogo hutokea. Mengi hayana athari, mengine humdhuru bakteria mwenyewe, lakini mara chache sana kosa huibadili protini iliyolengwa na dawa, na dawa ikakosa pa kushika. Bakteria hawajibadilishi makusudi ili waikwepe dawa: mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walionyesha kuwa bakteria sugu, yaani wasiouawa na dawa, huwamo hata katika kundi ambalo halijawahi kuguswa na dawa hiyo. Dawa huwaua wenzao, nao hubaki na nafasi yote ya kuzaliana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba bakteria hupeana jeni hata bila kuzaana. Kipande cha DNA kiitwacho plasmidi huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti, kikiwa kimebeba jeni za usugu. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki maishani anaweza kuambukizwa bakteria sugu, na dawa ikashindwa kumtibu mara ya kwanza kabisa anapoitumia.