Trili kwenye piano: maana yake na mazoezi yanayoipa kasi

Trili ni pambo la muziki ambamo noti mbili zinazopakana, zilizoachana kwa toni moja au nusu toni, hupigwa kwa kupokezana upesi hata sikio likazipokea kama sauti moja inayotetemeka. Kwenye maandishi ya muziki huonyeshwa kwa herufi tr juu ya noti kuu, yaani ile ya chini kati ya hizo mbili, na mara nyingi mstari wa mawimbi huzifuata. Katika jedwali la mapambo ambalo mtunzi Johann Sebastian Bach alimwandalia mwanawe Wilhelm Friedemann mwaka 1720, trili huanzia noti ya juu. Katika karne ya 19 desturi ya kuanzia noti kuu ilienea. Ni vyema mwanafunzi aamue mapema aanzie wapi, kwa maana vidole vilivyoanza kwa kusitasita hujikwaa mwanzoni kabisa.

Wengi hudhani kwamba kasi ya trili hutokana na nguvu za vidole, na nionavyo, dhana hiyo ndiyo inayowachelewesha wanafunzi kuliko udhaifu wowote wa mkono. Kibonyezo cha piano hushuka takriban milimita 10 tu, hivyo kidole kinachoinuliwa juu hewani husafiri safari isiyo na faida, na misuli ya kukiinua inaposhindana na ile ya kukishusha, mkono mzima hukakamaa. Kwenye piano kubwa ya kulala, utaratibu uliobuniwa na Sébastien Érard mwaka 1821 huiwezesha nyundo kupiga tena kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa; kwa hiyo vidole na vikae vikigusa vibonyezo muda wote. Piano nyingi za wima hazina utaratibu huo, na anayejifunzia kwenye piano ya namna hiyo asijilaumu akikuta baadhi ya noti zinakosa kulia: aachie kibonyezo kipande kidogo zaidi.

Vidole vikihesabiwa kuanzia gumba, cha pili na cha tatu ndivyo vinavyotumika sana. Hata hivyo, gumba na kidole cha tatu huwafaa watu wengi zaidi kuliko wanavyodhani, kwa sababu mkono kuanzia kwenye kiwiko unaweza kusaidia kwa kujizungusha kidogo, kama mtu anayefungua kitasa. Kidole cha nne ni kigumu kwa asili, kwani kano zake zimeungana na za jirani zake.

Zoezi ninalolithamini kuliko mengine ni la vifungu vifupi. Mwanafunzi hupiga noti tano tu kwa kasi kamili na kwa sauti ndogo, hutua kwenye ya tano, kisha hulegeza kiwiko na bega kabla ya kurudia. Vikishakuwa sawa, hufuata vifungu vya noti tisa, kisha kumi na tatu. Kando ya hilo, metronomu, kifaa cha kugonga mapigo ya mwendo, iwekwe kwenye mapigo 60 kwa dakika, zipigwe noti nne kwa kila pigo, halafu sita, halafu nane, bila kubadilisha mwendo wa metronomu. Mkono ukianza kuwaka maumivu, mazoezi yasimame mara moja.

Noti mbili za kufungia trili, yaani ile ya chini ya noti kuu na noti kuu yenyewe, zifanyiwe mazoezi peke yake, maana hapo ndipo trili nyingi nzuri huvunjika.