Orodha ya wachezaji wa besiboli kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo: maana yake na namna ya kuitumia

Orodha ya herufi ni mkusanyiko wa wachezaji wa kulipwa ambao majina yao ya ukoo huanza kwa herufi moja. Ukifungua R utawakuta Babe Ruth na Jackie Robinson. Ukifungua A yumo Hank Aaron. Timu, nafasi na zama zao hazihusiki, kinachoangaliwa ni jina tu.

Lakini jina lipi? Ni lile alilochezea, kama ligi ilivyoliandika, na hapo ndipo wengi hupotea. Chukua Felipe Alou wa Jamhuri ya Dominika. Kwao mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata, naye ni Felipe Rojas Alou. Skauti (msaka vipaji) alidhani jina la mwisho ndilo la ukoo, kijana akaingia ligi kuu ya Marekani (MLB) mwaka 1958 akiitwa Alou. Wadogo zake Matty na Jesús wakalifuata jina hilohilo, na Septemba 1963 ndugu wote watatu walicheza pamoja eneo la nje wakiwa San Francisco Giants. Baadaye akaja Moisés, mtoto wa Felipe. Ukoo mzima umekaa A, ilhali jina la baba lingewaweka R. Kwa hiyo, ukimtafuta mchezaji wa Amerika ya Kilatini usimwone, jaribu jina lake jingine la ukoo kabla ya kukata tamaa.

Kwa Wajapani na Wakorea, nyumbani jina la ukoo hutangulia; orodha za Marekani hulipeleka nyuma. Shohei Ohtani yuko O, Chan Ho Park yuko P. Ichiro usimtafute kwenye I kwa sababu jezi yake iliandikwa hivyo: yeye ni Suzuki, yuko S. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu (Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates), utampata N.

Herufi hazilingani uzito. M na S zimejaa, M ikinufaika na majina mengi yanayoanza na Mc. Q na Z ni chache. X ilikuwa tupu katika ligi kuu hadi mwisho wa msimu wa 2024; Xander Bogaerts yuko B, kwani Xander ni jina lake la kwanza. Nafasi za ukingoni nazo hubadilika. Aaron aliongoza orodha nzima ya alfabeti hadi 2004, alipotokea David Aardsma, na mkiani Dutch Zwilling akapitwa na Tony Zych mwaka 2015.

Wanaofanya kazi na takwimu hukutana na herufi hizi ndani ya misimbo ya wachezaji. Ule wa Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, huundwa hivi: herufi 5 za mwanzo za jina la ukoo, 2 za jina la kwanza, kisha tarakimu 2 za kuwatofautisha wanaofanana. Aaron ni aaronha01. Jina fupi huachwa lilivyo, ndiyo maana Mel Ott ni ottme01. Ken Griffey baba ni griffke01, na mwanawe ni griffke02. Msimbo haubadilishwi mtu akibadili jina: Giancarlo Stanton alianza 2010 akiitwa Mike, na walishapita akina Mike Stanton wawili, basi hadi leo ni stantmi03.

Hitilafu kubwa huletwa na ritifaa (') na nukta. Travis d'Arnaud ni d'arntr01 kwa Baseball-Reference, lakini kwenye Lahman, hifadhidata nyingine ya takwimu za besiboli, ni darnatr01. CC Sabathia ni sabatc.01 kwa moja na sabatcc01 kwa nyingine. Ukiunganisha majedwali mawili kwa msimbo peke yake, watu kama hawa hudondoka kimyakimya: programu haitoi onyo, na jumla yako ya herufi D au S inapungua. Dawa ipo ndani ya Lahman yenyewe. Jedwali lake la People lina safu ya bbrefID, yaani msimbo wa Baseball-Reference. Unganisha kwa safu hiyo. Vinginevyo tumia namba ya MLB, isiyotegemea jina hata kidogo, mfano 660271 ya Ohtani.

Kabla ya kuhesabu, angalia pia orodha yako ilitengenezwa lini na inahusu ligi zipi. Desemba 2020 MLB ilizitambua ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye rekodi rasmi. Hapo Josh Gibson, aliyecheza ligi hizo, akawa kinara wa wastani wa upigaji wa maisha, .372, mbele ya Ty Cobb. Orodha ya G ya wachezaji wa ligi kuu iliyochapwa kabla ya hapo haina jina lake, na hesabu yoyote utakayoijenga juu yake itakuwa pungufu.