Kipenu chenye Mteremko Mdogo na Uchaguzi wa Vigae vya Kuezekea

Katika idara yetu ya ujenzi hapa Malindi, swali tunaloletewa na wenye nyumba kila masika inapokaribia huwa ni la rangi na bei: kigae chekundu au cha kijivu, cha udongo au cha saruji. Swali linalopaswa kutangulia ni la mteremko, kwa kuwa kipenu kinachoongezwa nyuma ya nyumba, kiwe jiko au chumba cha kulala, mara nyingi hubanwa kati ya paa la zamani lililo juu na kimo cha mlango kilicho chini, na nafasi inayobaki ndiyo inayoamua ni kigae gani kinachofaa, au kama kigae kinafaa hata kidogo.

Pwani yetu ina majibu mawili ya kale kwa maji ya mvua. Paa la makuti husimamishwa kwa nyuzi 45 hivi, kwa sababu kazi ya kuti ni kuyakimbiza maji, na fundi wa makuti anayejua kazi yake hakubali kulilaza. Nyumba za mawe za Lamu zilijibu kwa njia nyingine: juu ya boriti za mikoko yaliwekwa mawe ya matumbawe na chokaa, paa likawa tambarare lakini kitu kimoja kisicho na maungio, lenye mwinamo mdogo tu wa kupeleka maji kwenye mlizamu. Kigae, pamoja na uzito na ugumu wake wote, ni ndugu wa kuti. Ni vipande vingi vinavyolaliana, na kila panapolaliana pana mwanya ambao maji yataupata iwapo hayaondoki upesi.

Mteremko unapopungua, maji hutembea polepole, na upepo wa kusi unaokuja pamoja na masika hupata muda wa kuyasukuma yarudi juu, chini ya kigae cha safu inayofuata. Maji yenyewe pia hupanda katika mwanya mwembamba kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni kwamba kigae hulala kwa pembe ndogo kuliko kombamoyo linalokibeba, kwa sababu mkia wake umeegemea mgongo wa kigae cha chini yake. Paa la nyuzi 15 kwa hiyo lina vigae vilivyolala kwa nyuzi pungufu ya hizo.

Kujua mteremko wako hakuhitaji mhandisi. Pima kimo ambacho paa la kipenu litagusa ukuta wa nyumba, toa kimo cha ukuta wa nje wa kipenu, kisha gawanya tofauti hiyo kwa upana wa kipenu. Kupanda kwa sentimita 32 katika kila mita 1 ni nyuzi 17.5 hivi, sentimita 27 ni nyuzi 15, na sentimita 18 ni nyuzi 10. Tuseme paa litaanzia mita 2.9 na kuishia mita 2.1, na kipenu kina upana wa mita 4: mteremko ni sentimita 20 kwa mita, yaani nyuzi 11 na kitu, na hapo vigae vingi vilivyo madukani vimekwisha kukataa. Upana ukipunguzwa hadi mita 2.5, paa hilo hilo linafika sentimita 32. Asiyetaka kukipunguza chumba anaweza kukipa kipenu mgongo wake chenyewe, paa limwage maji pande mbili, ingawa gharama itapanda na maungio yataongezeka.

Vigae vya saruji vyenye mifereji na vinavyoshikana ubavuni huruhusiwa na watengenezaji wengi kuanzia nyuzi 17.5 hadi 22.5, kutegemea umbo lake. Vichache vimeundwa kwa ajili ya mteremko mdogo zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi ya mtengenezaji yenye kiwango hicho na urefu wa mlaliano, ambao kwenye mteremko mdogo kwa kawaida huongezwa kutoka milimita 75 hadi 100. Neno la mdomo la muuzaji halitoshi. Vigae vya udongo vya umbo la Mangalore, ambavyo pwani hii imevizoea tangu vilipokuwa vikija kutoka India, sivishauri chini ya nyuzi 25, na vile bapa visivyo na mifereji vinataka 35 au zaidi. Vigae vya chuma vilivyopakwa chembe za mawe hukubali nyuzi 12 hadi 15.

Kipenu pia kina balaa ambayo nyumba kuu haina. Paa kubwa likimwaga maji yake juu yake, vigae vya chini hupokea mvua ya mapaa mawili, tena kwa kishindo. Wekeni mchirizi kwenye paa la juu, na bomba lake lishuke hadi chini au hadi kwenye jabia, lisiishie juu ya vigae. Majani ya mwarobaini yakikusanyika pale paa linapokutana na ukuta, maji husimama na kurudi nyuma; pafagiliwe kabla ya masika na kabla ya vuli.

Uzito nao usisahauliwe. Vigae vya saruji huwa na kilo 40 hadi 50 kwa mita mraba, hivyo paa la mita mraba 20 hubeba karibu tani 1, na mbao zilizopimwa kwa ajili ya mabati zitapinda. Paa lililopinda katikati hupoteza hata ule mteremko mdogo liliokuwa nao. Karibu na bahari, misumari ya kawaida huliwa na chumvi, kwa hiyo tumieni ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Kigae cha udongo kigongwe kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia, kisichoiva hutoa sauti ya kufa, na hicho chumvi itakimenya.

Chini ya nyuzi 12, msimamo wangu ni kuachana na vigae. Nailoni inayotandikwa chini yake ni kinga ya akiba, haikuundwa kuwa paa. Bati refu la kipande kimoja kutoka ukutani hadi mchirizini, geji 28 au nene zaidi, lenye rangi ya kiwandani, litakuwa na maungio machache, na wakati wa kuuza nyumba hakuna atakayelicheka kuliko dari yenye madoa.

Kabla ya kupiga dari, mwagieni paa maji kwa mpira, mkianza safu ya chini na kupanda polepole, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Mkianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua ni safu ipi inayovuja.