Maana ya huduma za umma katika maeneo ya wakulima Waamishi

Huduma za umma, kwa maana ya kawaida, ni zile ambazo serikali au taasisi zake huziweka kwa ajili ya wakazi wote wa eneo: barabara, umeme, maji, uondoaji wa maji taka, shule, zimamoto na hifadhi ya jamii. Miundombinu ni vitu vya kudumu vinavyozibeba huduma hizo, kama vile lami, nguzo, nyaya na mabomba. Vijijini kwingi watu huuliza huduma itafika lini. Katika maeneo ya Waamishi nchini Marekani, nguzo za umeme zimepita mbele ya shamba kwa miaka mingi, na mwenye shamba hajauvuta umeme huo kwa hiari yake. Ili dhana hii ieleweke mahali kama hapo, ni lazima tutenganishe mambo matatu ambayo kwingineko huenda pamoja: kuilipia huduma, kuitumia, na kuitegemea.

Waamishi ni Wakristo wa jadi ya Waanabaptisti, yaani wanaobatiza watu wazima badala ya watoto wachanga, waliojitenga kama kundi la pekee mwaka 1693 chini ya Jakob Ammann huko Uswisi na Alsace, kisha wakahamia Pennsylvania katika karne ya 18. Leo wanakadiriwa kuwa takriban 400,000, na makazi yao makubwa yako katika kaunti ya Lancaster huko Pennsylvania, Holmes na kaunti jirani huko Ohio, na LaGrange na Elkhart huko Indiana. Wamennonite, ambao kanisa lao limejulikana mkoani Mara tangu wamisionari kutoka Lancaster walipofika Shirati mwaka 1934, ni wa shina hilohilo la imani, ingawa wengi wao hawajiwekei mipaka kama hiyo kuhusu teknolojia. Kila usharika wa Waamishi, ambao kwa kawaida una familia kati ya 25 na 40 hivi, una taratibu zake zinazoitwa Ordnung, na hizo ndizo zinazoamua ni kitu gani kiingie nyumbani. Kwa sababu hiyo, kauli ya jumla kwamba Waamishi wanakataa jambo fulani yafaa ipokelewe kwa tahadhari: usharika mmoja huweza kuruhusu jambo ambalo usharika wa ng'ambo ya barabara umelikataza.

Umeme ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Karibu na mwaka 1920, Waamishi wa Lancaster waliafikiana kutoziunganisha nyumba zao na nyaya za umma. Nguvu ya umeme yenyewe haikukatazwa moja kwa moja. Betri ziliendelea kutumika. Kilichozuiwa ni ule waya unaotoka nje na kuingia nyumbani, ukileta kila kitu kinachoweza kuchomekwa ukutani. Ukiingia katika karakana ya seremala Mwamishi unaweza kukuta injini ya dizeli kibandani ikiendesha kompresa, na hewa iliyobanwa ikipita katika mabomba hadi kwenye misumeno na randa. Friji ya nyumbani hutumia gesi, taa hutumia betri, na sharika nyingi sasa zinaruhusu paneli za sola. Wanunuzi wa maziwa walipodai kwamba maziwa yapoozwe katika tangi na kukorogwa, wafugaji wa Lancaster walitumia dizeli kupooza na betri kukoroga, na wakabaki sokoni. Simu nayo ilipata suluhisho la namna hiyo: kibanda kidogo cha mbao mwisho wa njia ya shamba, ambacho familia kadhaa hukitumia kwa zamu, ili simu ipatikane wakati wa haja bila kukatiza maongezi ya mezani.

Kuhusu kodi, dhana iliyoenea kwamba Waamishi hawalipi chochote si sahihi. Wanalipa kodi ya mapato, ya mauzo, na ya ardhi na majengo, ikiwemo sehemu inayoendesha shule za umma, ilhali watoto wao wengi husoma katika shule zao wenyewe za darasa moja hadi mwaka wa nane. Haki ya kuishia hapo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972. Walichokipinga kwa nguvu ni mchango wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa wanaamini kuwatunza wazee na wagonjwa ni wajibu wa familia na kanisa. Mwaka 1961 maofisa wa kodi walichukua farasi watatu wa kulimia wa mkulima Valentine Byler huko Pennsylvania, wakati wa kulima, kwa sababu alikataa kulipa mchango huo. Tukio hilo liliwashtua Wamarekani wengi, na mwaka 1965 Bunge liliwasamehe Waamishi waliojiajiri, kwa sharti kwamba nao wasidai mafao. Naona sharti hilo ni la haki.

Pengo linalobaki hujazwa na jirani. Mtu akilazwa hospitalini, gharama husaidiwa na mfuko wa kanisa, kwani wengi hawakati bima ya afya ya kibiashara. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea, kwa mfano kile cha Gordonville katika kaunti ya Lancaster, hupata fedha kwa mnada wa hadhara unaofanyika mwanzoni mwa majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka na uwanja kujaa tope. Huuzwa mablanketi ya kushonwa kwa mkono, samani, farasi na vigari vya kukokotwa na farasi ambavyo Waamishi husafiria. Waamishi hujitolea pia kuzima moto wenyewe, wakipanda gari la zimamoto ambalo huendeshwa na mtu mwingine, kwa kuwa wao hawaendeshi magari.

Barabara ni suala gumu zaidi, kwa sababu hapo kutumia hakukwepeki. Njumu za farasi zenye ncha ngumu za chuma huchimba lami, na farasi hanywi petroli, hivyo mwenye kigari hachangii kodi ya mafuta inayotengeneza barabara. Baadhi ya kaunti za Indiana hutoza ada ya namba za usajili wa vigari ili kupunguza tofauti hiyo. Usalama nao una mvutano wake: tangu mwaka 2022 Ohio imetaka kigari kiwe na taa ya njano inayomweka, na vikundi vyenye msimamo mkali zaidi vimeona kwamba sheria hiyo inaingilia imani yao.

Mvutano kama huo ulifika hadi kwenye maji ya kuogea na kufulia. Katika kaunti ya Fillmore, Minnesota, mamlaka ilizitaka familia za Waamishi ziweke matangi ya kisasa ya maji machafu. Wao wakaomba kuyaelekeza kwenye shimo lililojazwa vipande vya mbao vinavyoyachuja, njia inayoruhusiwa katika majimbo mengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilirudisha shauri hilo lisikilizwe upya, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Minnesota iliamua kwamba mamlaka haikuthibitisha ulazima wa kuzilazimisha familia hizo kuweka matangi hayo katika mashamba yao.